Uzamili wa Baiomedisini Ughaibuni: Hasa Unakwenda Kusomea Nini?

Kijana aliyehitimu sayansi ya maabara, famasia au baiolojia anapowaarifu wazazi wake kwamba amepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya baiomedisini Ulaya, masikio yao hudaka sehemu ya mwisho ya jina hilo, na kabla jua halijatua ukoo mzima umekwisha kujua kwamba mtoto anakwenda kuwa daktari. Mara nyingi yeye mwenyewe hana maneno ya kuwasahihisha, kwa kuwa tangazo la chuo lilimweleza ada, tarehe ya mwisho na uzuri wa majengo, bila kumweleza shahada hiyo inamfanya mtu awe nani. Nimewaona watu makini, wenye matokeo mazuri, wakirejea nyumbani na cheti halali cha chuo cha heshima, kisha wakagundua mbele ya dirisha la baraza la taaluma kwamba cheti hicho hakiwapi leseni waliyoitarajia. Hakuna aliyewadanganya. Walichokosa ni ufafanuzi wa mapema, nao ndio ninaojaribu kuutoa hapa.

Baiomedisini ni elimu ya namna mwili unavyofanya kazi na unavyoharibika, ukitazamwa katika ngazi ya seli, vinasaba na protini. Daktari anayemhudumia mtoto mwenye selimundu hushughulika na maumivu yake, damu yake na homa yake ya leo. Mtu wa baiomedisini huuliza imekuwaje badiliko la herufi moja tu, katika kinasaba chenye maelekezo ya kutengeneza hemoglobini, likaifanya seli nyekundu ijikunje kama mundu. Na kwa nini kinasaba hicho hakikupotea katika ukanda wetu ilhali kinaua. Jibu la swali la pili lilitolewa mwaka 1954 na Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipoonyesha kwamba mtu aliyerithi kinasaba hicho kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga ya kiasi fulani dhidi ya malaria.

Upo mfano mwingine wa hapa kwetu unaoonyesha vizuri zaidi mahali ambapo kazi moja inaishia na nyingine inaanzia. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Hospitali ya Mulago mjini Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Uganda. Kumpima mtoto, kumtibu na kuandika alichokiona ilikuwa kazi ya udaktari, lakini swali la chanzo cha uvimbe huo lilihitaji maabara ya namna nyingine. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege hadi London, kwa Anthony Epstein wa Hospitali ya Middlesex, na kwa muda mrefu hakuna kilichoonekana. Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande kimojawapo ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikaelekezwa Manchester, na sampuli ikafika imechelewa, maji yake yakiwa yamekuwa kama ya mchele uliooshwa. Mtu mwingine angeimwaga akiamini imeharibiwa na bakteria. Epstein aliweka tone lake chini ya hadubini, akakuta seli za uvimbe zinaelea, ziko hai. Kutokana na seli hizo, yeye na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr walivibaini mwaka 1964 virusi vinavyoitwa leo Epstein-Barr, vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Tabia ile ya kuikagua sampuli kabla ya kuitupa ndiyo inayofundishwa katika shahada tunayoizungumzia.

Basi shahada hii haimpi mtu ruhusa ya kutibu. Wala, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa, haimpi ruhusa ya kutoa majibu ya vipimo vya wagonjwa. Uswidi, kwa mfano, ina masomo mawili yanayofanana kwa jina na kutofautiana kabisa kwa matokeo: moja ni baiomedisini, ambayo ni njia ya utafiti, na lingine ni la wachambuzi wa maabara za tiba, ambao ni taaluma yenye leseni ya serikali. Uingereza nako cheo cha mwanasayansi wa maabara ya tiba kinalindwa na sheria, na hakuna anayeruhusiwa kukitumia bila kusajiliwa, hata awe na uzamili wa chuo kikubwa namna gani. Huku kwetu usajili wa watu wa maabara uko mikononi mwa Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya kwa Tanzania, na kwa Kenya uko kwa bodi ya mafundi na wanateknolojia wa maabara za tiba. Mabaraza hayo huangalia mafunzo ya taaluma yenyewe, na uzamili wa utafiti hauchukui nafasi ya mafunzo hayo. Anayetaka kupanda cheo katika maabara ya hospitali awaulize wahusika hao kabla ya kulipia chochote. Anayetaka kuwa mtafiti, mwalimu wa chuo kikuu, au mtu wa kutengeneza chanjo, vitendanishi na dawa, huyo yuko mahali pake.

Nichukue Uswidi kuwa mfano, kwa sababu muundo wake uko wazi, na kwa sababu Taasisi ya Karolinska, iliyoko Solna pembeni mwa Stockholm, hutajwa kila mazungumzo haya yanapoanza. Ilianzishwa mwaka 1810 ili kuwafundisha wapasuaji wa jeshi, na leo ndiko liliko baraza la maprofesa 50 linalochagua washindi wa Tuzo ya Nobel ya fiziolojia au tiba. Programu yake ya uzamili wa baiomedisini hufundishwa kwa Kiingereza, huchukua miaka miwili, na ina krediti 120. Krediti katika mfumo wa Ulaya ni kipimo cha wingi wa kazi: mwaka wa masomo una krediti 60, na kwa Uswidi hizo ni wiki 40 za kazi ya muda wote, yaani krediti moja na nusu kwa wiki. Ukiishika hesabu hiyo, mtaala wowote unaanza kuzungumza. Mradi wa tasnifu wa krediti 30 katika muhula wa mwisho maana yake ni wiki 20 ndani ya kikundi kimoja cha utafiti, kukiwa na swali moja na daftari moja. Mihadhara ipo, na mitihani ipo, lakini uzito wa shahada umewekwa kwenye meza ya maabara.

Meza hiyo inastahili kutazamwa kwa karibu. Mwanafunzi anafika Jumatatu saa mbili asubuhi, anafungua inkubeta iliyotulia kwenye nyuzi joto 37 na kaboni dayoksaidi asilimia 5, anatoa chupa bapa ya plastiki aliyoiacha Ijumaa jioni. Maji ya kulishia seli yalikuwa mekundu. Sasa yamegeuka manjano na kufanya ukungu. Rangi ile huwekwa makusudi ili ionyeshe asidi inapozidi, na asidi iliyozidi ndani ya siku mbili, pamoja na ukungu ule, ni dalili ya bakteria. Seli alizozilea wiki tatu zimekwisha. Anamimina dawa ya kuua vijidudu, anasafisha kabati la kazi, anaandika kwenye daftari tarehe, saa, namba ya chupa na alichokiona, kisha anayeyusha kichupa kingine kilichohifadhiwa kwenye naitrojeni ya kimiminika na kuanza upya. Hagombezwi na mtu. Msimamizi atamuuliza maswali mawili tu: je, ulinyunyizia glavu alkoholi ya asilimia 70 kabla ya kuingiza mikono kabatini, na maji hayo ya kulishia ulikuwa ukiyachangia na nani? Aliyezoea majaribio ambayo jibu lake limeshaandikwa kwenye kijitabu cha mwongozo hupata tabu hapa kuliko kwenye mtihani wowote, kwa sababu wiki nyingi hupita bila jibu, naye anatakiwa aseme ni kwa nini.

Kwa sababu hiyo, naona kosa kubwa la waombaji ni kuchagua chuo kwa jina lake bila kuchagua maabara. Chuo kimoja kinaweza kuwa na vikundi mia kadhaa vya utafiti, na mwanafunzi wa uzamili atakaa na kimoja au viwili tu kati ya hivyo. Mtu anayetaka kuielewa malaria, akajikuta chuo maarufu ambacho nguvu zake ziko kwenye ubongo na saratani, atajifunza mbinu nzuri lakini atakosa mtu wa kumwongoza katika swali lake. Soma makala za vikundi hivyo za miaka ya karibuni, tazama nani anaandika na nani, kisha mwandikie kiongozi wa kikundi barua fupi inayotaja kazi yake mahususi. Wengi hawatajibu. Wawili wakijibu, umejua mengi kuliko kipeperushi chote cha chuo.

Nchi nazo hazifanani. Uzamili wa Uingereza kwa kawaida ni wa mwaka mmoja, wenye krediti 180 za kwao, ambazo ni 90 za Ulaya, na mradi wake mara nyingi hubanwa katika miezi ya kiangazi. Ila iko pia shahada yao ya uzamili wa utafiti ambayo sehemu yake kubwa ni maabara. Marekani wengi huingia kwenye uzamivu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza na kulipwa posho, na uzamili peke yake ni nadra kupata ufadhili. Ujerumani hufuata mfumo wa miaka miwili, na vyuo vyake vingi vya umma havitozi ada ya masomo.

Kwenye maombi, ugumu uko katika kutafsiri matokeo ya kwetu kwa mtu asiyeujua mfumo wetu. Uswidi huwa na dirisha moja la kitaifa la maombi kwa njia ya mtandao, linalofungwa katikati ya Januari kwa masomo yanayoanza mwishoni mwa Agosti. Mwombaji huchagua hadi programu nne za uzamili na kuzipanga kwa kipaumbele, kisha hulipa ada moja ya maombi ya krona 900. Kipimo cha Kiingereza ni kama alama 6.5 za IELTS kwa wanaotakiwa kukifanya. Lakini waombaji huenguliwa zaidi kwenye masharti mahususi: programu itadai shahada ya kwanza ya krediti 180 za Ulaya, yenye kiasi fulani cha baiolojia ya seli, baiolojia ya molekuli, baiokemia na mengineyo. Shahada ya Tanzania ya miaka mitatu huandikwa krediti 360, kwa kuwa krediti yetu moja ni saa 10 za kazi wakati ya Ulaya ni saa 25 hadi 30. Kwa mwaka wa kawaida, 120 za kwetu ni sawa na 60 za kwao. Nakala ya matokeo isiyoeleza hilo humwacha msomaji akikisia. Hali ni hiyohiyo kwa wastani wa alama: 3.8 yetu iko juu ya 5.0 na ni daraja la pili la juu, ila mtu aliyezoea kipimo cha 4.0 ataiona kama alama ya mtu aliyekaribia kilele, na akigundua baadaye anaweza kudhani umeficha. Omba idara yako ikupe muhtasari wa kila somo wenye saa na mada, ukiwa na muhuri. Kazi hiyo hula wiki kadhaa, na katibu wa idara ndiye mtu wa kumwendea kwa heshima mapema, tangu Oktoba.

Barua ya maombi nayo husomwa na watafiti. Sentensi inayosema tangu utoto ulitamani kuisaidia jamii haiwapi kitu cha kushika, hata kama ni ya kweli kabisa. Inayosema uliendesha mashine ya PCR, inayozidisha nakala za vinasaba, katika mradi wako wa mwaka wa mwisho, kwamba kidhibiti hasi, yaani kichupa kisichotiwa kinasaba chochote, kilitoa mwanga mara mbili mfululizo, na kwamba uligundua maji ndiyo yaliyokuwa yamechafuka, hiyo inamwonyesha mtu ambaye wangependa kukaa naye kwenye meza moja.

Fedha ndiyo inayowakatisha wengi. Hadi mwaka 2011 Uswidi haikumtoza ada mwanafunzi yeyote. Tangu mwaka huo wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya na nchi shirika hulipa, na masomo ya tiba ni miongoni mwa yaliyo ghali. Mpangilio wa matukio nao una mtego. Majibu ya udahili hutoka mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili. Kibali cha ukaazi hakitolewi kabla awamu ya kwanza ya ada haijalipwa. Na mwombaji wa kibali lazima aonyeshe akiba ya kujikimu ya zaidi ya krona 10,000 kwa kila mwezi wa masomo. Hivyo asiyekuwa na mfadhili kufikia Mei hana muda wa kumtafuta. Taasisi ya Uswidi inayoshughulikia ufadhili wa serikali huwachukua waombaji wenye uzoefu wa kazi usiopungua saa 3,000, na orodha ya programu inazozigharimia hupangwa upya, kwa hiyo lazima uhakikishe baiomedisini unayoitaka imo katika mwaka wako. Karolinska yenyewe ina ufadhili wake unaolipa ada tu, na chumba, chakula na nauli vinabaki juu yako. Kwa Ujerumani, kutokuwepo kwa ada kusikufanye uamini kwamba hakuna fedha inayodaiwa: tangu Septemba 2024 mwombaji wa viza ya masomo huonyesha euro 11,904 kwa mwaka katika akaunti maalumu inayomruhusu kutoa kiasi cha mwezi tu, na jimbo la Baden-Württemberg limekuwa likiwatoza wageni euro 1,500 kwa muhula tangu 2017.

Nasema wazi kwamba sioni busara ya familia kuuza kiwanja ili kulipia uzamili huu kwa fedha taslimu. Shahada yenyewe ni ngazi ya katikati. Uswidi mwanafunzi wa uzamivu halipi ada. Huajiriwa na chuo, hupokea mshahara kwa miaka minne ya kazi ya muda wote, na nafasi yake hutangazwa kama kazi nyingine yoyote. Sharti la kuingilia ni krediti 240 kwa jumla, ambazo 60 kati yake ziwe za ngazi ya uzamili. Kwa hiyo mtu aliyekosa ufadhili mwaka huu, akakaa miaka miwili kwenye kituo cha utafiti cha Ifakara, Kilifi, Mwanza au Entebbe, akasoma uzamili Muhimbili, Makerere au Chuo cha Nelson Mandela kule Arusha, anaweza kuufikia mlango huohuo akiwa hana deni, na mara nyingi akiwa na swali bora zaidi.

Kurudi na cheti kuna taratibu zake. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania hutoa hati ya kutokuwa na pingamizi kwa wanaokwenda kusoma nje, na ndiyo inayotambua na kulinganisha shahada mtu anaporejea. Kenya kazi hiyo hufanywa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Uswidi cheti cha shahada hakitoki chenyewe: mhitimu lazima akiombe, na wapo walioondoka bila kufanya hivyo wakidhani kitawafuata. Vilevile vyuo vya huko havikokotoi wastani wa alama wala daraja la jumla, jambo linalomchanganya ofisa ajira wa kwetu ambaye fomu yake ina kisanduku cha GPA. Chukua, kabla ya kuondoka, mtaala rasmi wa programu na maelezo ya chuo kuhusu mfumo wake wa alama.

Limebaki suala la sampuli, ambalo kwa mwanafunzi wa kutoka Afrika Mashariki ndilo nyeti kuliko yote. Wengi hupenda tasnifu yao ihusu ugonjwa wa nyumbani, na msimamizi hufurahi. Damu ya mgonjwa wa Tanzania, hata hivyo, haiendi nje ya nchi bila kibali cha maadili ya utafiti kinachopitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, pamoja na mkataba wa uhamishaji wa sampuli kati ya taasisi inayotoa na inayopokea. Zanzibar ina taasisi yake, Kenya ina leseni yake ya utafiti, na Uswidi nayo ina mamlaka yake ya maadili. Vibali hivyo haviwezi kuombwa na kukamilika ndani ya wiki 20 za mradi. Njia iliyo salama ni kujiunga na ushirikiano uliokwisha kuwepo. Muhimbili na watafiti wa Uswidi, Karolinska wakiwemo, wamekuwa wakishirikiana katika utafiti wa VVU tangu 1986, na kutokana na uhusiano huo chanjo ya majaribio ilijaribiwa kwa askari polisi wa Dar es Salaam waliojitolea. Miradi ya aina hiyo huacha sampuli zilizohifadhiwa kihalali, zenye ridhaa na mikataba, na mwanafunzi anayeulizia mapema, katika muhula wa kwanza, anaweza kupewa swali ndani yake.

Vipande vilivyotoka Kampala miaka ile ya 1960 viliwapa umaarufu waliovipokea, na virusi vikabeba majina ya watu wa London. Mkataba wa leo huandikwa majina ya pande zote mbili kabla kisanduku hakijafungwa, na ndani ya jalada lake mna fomu ya ridhaa ya Kiswahili aliyoitia saini mama wa mgonjwa. Mwanafunzi anayeisoma fomu hiyo bila mkalimani ana kazi ambayo mwenzake wa Solna hawezi kuifanya: kuhakikisha kwamba alichokikubali mama huyo Dar es Salaam ndicho hasa kinachofanyiwa damu ya mwanawe, iliyolala kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri.